Fundi rangi, nyumba ya chokaa si nyumba ya tofali

Kinachoudhi kwa mafundi rangi wengi wa miji midogo ya pwani kama Pangani ni kwamba kwao kila nyumba ni ya tofali. Anafika kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, anagonga ukuta mara mbili, anataja idadi ya ndoo, anaomba advansi. Hajauliza hata unyevu unapanda kutoka wapi!

Ukuta ule unavuta maji ya ardhini pamoja na chumvi, na lazima upumue. Ukiuziba kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, maji yanakosa pa kutokea: rangi inavimba malengelenge, chumvi nyeupe inachomoza, plasta inabanduka vipande vipande na kung'oa chokaa ya zamani. Kisha unaambiwa rangi ilikuwa feki.

Kwangua rangi iliyolegea mpaka ufike panaposhika. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha, maji yanairudisha ndani. Viraka vizibwe kwa chokaa na mchanga, kipimo 1 kwa 3, virushiwe maji siku za mwanzo na kuachwa wiki kadhaa. Halafu lowesha ukuta, paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5, yaani tabaka, kila mmoja usubiri siku nzima kabla ya unaofuata. Mkono mmoja mzito hupasuka na kupukutika ukiugusa.

Na jamani, andikianeni idadi ya mikono kabla ya kutoa hela.