Taa za sola za bei rahisi: zinafaa uani kwako?

Malindi hatuna shida ya jua. Tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 karibu mwaka mzima. Ndiyo maana taa ndogo za sola za kuchomeka bustanini zinapendwa: huchimbi mtaro wa waya, huiti fundi, na mtoto akiishika haimpigi shoti. Kwa kijia cha kutoka langoni hadi kibarazani, naona zinatosha, mradi usizichomeke chini ya mwembe.

Hoja ya kuokoa umeme, lakini, ni dhaifu. Balbu ya LED ya wati 5 ikiwaka saa 12 kila usiku, mwezi mzima haimalizi yuniti 2 za tokeni. Unachookoa hasa ni waya na ufundi.

Linaloniudhi ni maandishi ya kwenye boksi. Jua kali la adhuhuri huleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli ya sentimita 20 kwa 15, yaani kama daftari la shule, inapata wati 30 za jua, na hata ikiwa nzuri hugeuza kiasi cha moja ya tano tu kuwa umeme: wati 6. Taa yenye paneli hiyo ikiandikwa wati 200, mnunuzi kadanganywa, na huenda pesa hiyo aliikusanya kwa kujinyima.

Zangu nne ziliwaka vizuri mwaka mmoja, kisha zikawa zinazimika kabla ya saa tatu usiku. Ndani mna betri ndogo ya kuchaji ya volti 1.2, nayo huchoka kwa kujazwa na kumalizwa kila siku. Mbili nilizitia betri mpya zikafufuka. Mbili vyuma vyake vilishaliwa na chumvi ya pepo za baharini. Kwa hiyo dukani ifungue kwanza: ikiwa na skrubu na betri inayotoka, nunua, iliyogandishwa kwa gundi, iache. Na usitie betri ya tochi ya kawaida, ile isiyoweza kuchajiwa tena, yaweza kuvuja au kupasuka.

Wenye nyumba za ufukweni, kuanzia hapa hadi Watamu, wana jambo zito zaidi. Vitoto vya kasa vikitoka shimoni usiku hufuata mwangaza wa upeo wa bahari. Taa nyeupe ikimulika mchangani, huigeukia na kupotea njia. Hapo hata ya bure singeiweka. Ikibidi, iwe nyekundu, iwe chini, na ukuta uikinge upande wa bahari.