Nusu ya Dau Si Ushindi

Nilikuwa na kingi mbili, moja imelala kifudifudi na nyingine iko wazi. Saa tano usiku, Sinza, watoto wamelala, simu iko kwenye chaji. Ilikuwa meza ya poka kwenye simu, ile ambayo dau hukatwa nusu kwa karata za juu na nusu kwa karata za chini. Tulikuwa watu saba na watano walishatupa karata zao. Nikabaki na mtu mmoja ambaye karata yake ya kwanza ya wazi ilikuwa tano. Karata ya nne ilipogawiwa mimi nikapata tisa, yeye sita. Ya tano mimi nikapata jeki, na ndani nilikuwa na jeki nyingine. Yeye akapata nane. Jozi mbili, za kingi na za jeki. Nani angeniambia kitu? Nikaweka dau, akapandisha, nikapandisha, akapandisha tena mpaka tukafika kikomo.

Karata ya sita haikumsaidia yeyote. Ya saba ikaja imefunikwa, tukawekeana tena. Alipofunua nikaona tatu, nne na saba. Kwa tatu, nne, tano, sita na saba akachukua nusu ya chini. Kwa nne, tano, sita, saba na nane, mfululizo unaozishinda jozi zangu mbili, akachukua nusu ya juu. Dau lote likasogea upande wake kabla sijamaliza kusoma karata.

Zilikuwa sarafu za mazoezi tu, lakini iliniuma kama pesa. Kesho yake asubuhi, kwenye foleni ya Ubungo, nikafungua kumbukumbu ya mchezo ule na kuupitia karata kwa karata. Nilikuwa nimelala nikiilaumu ile saba ya mwisho. Kumbe kosa lilikuwa langu, na nilishalifanya kwenye karata ya tano. Tangu siku hiyo nimeucheza mchezo huu kwa jicho jingine, na naandika kwa sababu naona wenzangu wengi wanaoujaribu wanaingia palepale nilipoingia.

Kwenye programu nyingi huandikwa Stud Hi/Lo. Hilo neno la kwanza, ukilitamka kwa Kiswahili chetu, linaangukia kwenye "stadi", na kwa maoni yangu jina limekaa mahali pake. Kila mmoja anatoa kiingilio kidogo. Unapewa karata mbili za kufunikwa na moja ya wazi. Mwenye karata ndogo kuliko wote mezani ndiye anayelazimika kufungua. Wakilingana wawili huangaliwa alama, ambapo pao ni ya chini kabisa, ikifuatiwa na uru, kisha kopa, na shupaza ndiyo ya juu. Zinafuata karata tatu za wazi, moja moja, na ya saba inakuja imefunikwa. Kuanzia karata ya nne, anayetangulia kuongea ni yule ambaye karata zake za wazi ni kubwa zaidi. Madau yana kipimo: dogo kwenye karata ya tatu na ya nne, halafu mara mbili yake kuanzia ya tano hadi mwisho. Huwezi kusukuma kila ulicho nacho mara moja kama unavyoona kwenye televisheni, na hilo ni jambo jema kwa anayejifunza.

Mwisho dau linakatwa vipande viwili. Nusu anachukua mwenye karata tano bora za juu, nusu mwenye karata tano bora za chini. Lakini upande wa chini una sharti: zote tano ziwe nane au chini ya nane, na zisiwe na jozi. Asipopatikana wa kutimiza sharti hilo, wa juu anabeba lote. Esi inahesabika kubwa kwa juu na moja kwa chini, na mfululizo hauharibu udogo wako. Unaruhusiwa kutumia karata tano hizi kwa juu na tano nyingine kwa chini, ilimradi zote zitoke kwenye saba zako.

Kusoma nani mdogo kunawachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Mimi nafundisha hivi: zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha zisome kama namba moja. Saba, sita, tano, nne, tatu ni 76,543. Nane, nne, tatu, mbili, esi ni 84,321. Namba ndogo ndiyo inayoshinda, kwa hiyo wa kwanza ndiye mshindi, hata kama karata za wa pili zinaonekana kupendeza. Ndogo kuliko zote ni 54,321, na hiyo hiyo ni mfululizo unaoweza kukupa na upande wa juu.

Sasa turudi kwenye kingi zangu. Mezani kwangu palionekana kingi, tisa na jeki. Karata tatu kubwa. Kati ya saba, zilizobaki ni nne, na udogo unataka tano. Maana yake kila aliyekuwa akitazama alijua kwamba mimi upande wa chini sina, na siwezi kuupata hata malaika akigawa. Yeye alikuwa na tano, sita na nane za wazi, na tatu na nne za ndani. Udogo wake ulishakamilika. Nusu ilikuwa yake tayari. Kilichobaki kushindaniwa ni nusu yangu, na hata hiyo alikuwa anaitafuta kwa mbili au saba.

Kwa hiyo kila nilipopandisha dau nilikuwa natoa pesa ambayo kwa heri yote ingenirudia yenyewe tu, bila hata shilingi juu. Yeye kila alipopandisha alikuwa anatoa pesa ambayo kwa shari yote ingemrudia. Mmoja wetu alikuwa hatarini, mwingine alikuwa kivulini. Sikutakiwa kutupa karata, maana nusu ya dau lililokwisha kuwekwa ilistahili kupiganiwa kwa jozi mbili kubwa kama zile. Nilitakiwa kulipa tu, kimya, hadi mwisho. Nikapandisha kwa sababu niliona kingi, na kingi zinalevya.

Hesabu yake si ngumu, na ningependa kila anayeanza aifanye kwa mkono wake kwenye karatasi. Tuseme mmebaki wawili, kila mmoja ameweka 10,000, na mezani kuna 1,000 za walioondoka. Ukipata nusu unapokea 10,500. Umekesha kwa shilingi 500, na hapo mwenye meza hajakata chake. Tuseme mmebaki watatu, kila mmoja kaweka 10,000, jumla 30,000. Nusu inakupa faida ya 5,000. Lote linakupa faida ya 20,000. Mara nne! Anayekaa mezani akiwinda nusu anafanya kazi ya mtu mzima kwa ujira wa mtoto.

Wahenga walisema mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na kuna jamaa yangu mmoja hunirushia methali hiyo kila nikilizungumzia hili. Mimi namwambia asome tena neno la katikati. Hapa unatakiwa kutaka yote. Pupa ndiyo inayokatazwa, na pupa katika mchezo huu inaonekana kwenye karata tatu za kwanza, pale mtu anaposhindwa kutupa.

Wengi wetu tumekulia kwenye karata za barazani ambako dogo ni takataka na mzungu, yaani karata ya picha, ndiye mwenye thamani. Huku ni kinyume. Esi, mbili na tatu za alama moja ni zawadi. Nne, tano, sita za kopa, nazo ni zawadi, kwa sababu zinatazama chini na juu kwa pamoja. Jozi ya esi na karata ndogo pembeni, ingia. Karata tatu za namba ileile huja mara moja kwa kila migao 425, zikija zikaribishe. Lakini tisa, kumi na jeki, ambazo zinapendeza macho kwa mfululizo, zitupe bila kuzitazama mara mbili: zinaweza kushinda nusu moja tu, na kwa shida. Jozi ya kingi naicheza pale tu ambapo hakuna esi ya wazi inayonikodolea macho, na watu ni wachache.

Na udogo nao una daraja. Nane, saba na mbili za alama tofauti ni ndogo kwa jina tu. Utahangaika nazo hadi karata ya saba, upate 87,532, halafu mwenzako afunue 86 na kitu. Hapo umekosa chini, na juu hukuwa nako tangu mwanzo.

Karata ya nne ina ukweli mchungu ambao ilinichukua muda kuukubali. Umeanza na nne, tano, sita, kila kitu kizuri, halafu unapewa kingi huku mwenzako mwenye mbili ya wazi akipata saba. Tupa. Ukisubiri ya tano dau limekuwa mara mbili, na mtu hupenda kufuata alichokwishatoa.

Utajiri wa mchezo huu, na ndiyo sababu naupenda kuliko poka nyingine zote, uko kwenye karata za wazi. Magomeni kuna mzee mmoja niliyemkuta barazani nikiwa kijana, fundi wa arubastini, ambaye hadi pakiti inaisha alikuwa anajua kila mtu amebaki na nini. Nilimuuliza, "Mzee wangu, unazikumbukaje zote?" Akanijibu, "Sizikumbuki zote mwanangu, nazikumbuka ninazozihitaji." Jibu hilo limenifaa huku kuliko somo lolote.

Chukua mfano. Umebakiza karata mbili za kupokea, una esi, mbili, nne na saba pamoja na kwini isiyo na kazi. Unazozihitaji ni tatu, tano, sita au nane, na kwenye pakiti ziko 16. Kama hujaona karata ya mtu yeyote, nafasi yako ya kupata udogo ni kama asilimia 57. Sasa sema umeona karata 10 za wenzako, na 8 kati ya hizo ni zilezile unazozisubiri. Zimebaki 8 kati ya 37. Nafasi imeshuka hadi asilimia 39. Karata zako hazijabadilika hata chembe, ila dunia inayozizunguka imebadilika, na asiyekumbuka analipa bei ileile kwa kitu kilichokwisha kupungua.

Kwenye simu hili ni gumu zaidi, kwa sababu mtu akitupa karata zake zinapotea kwenye kioo hapohapo. Mimi naweka daftari dogo kando. Karata tatu za kwanza zikifunguliwa naandika haraka ndogo zote za wazi, halafu esi, halafu zile zinazogusa mfululizo wangu. Siandiki kingine. Na nacheza meza moja tu kwa wakati mmoja. Ukikatikiwa na mtandao katikati ya mchezo muda wako unaisha na programu inakutupia karata, kwa hiyo usikae mezani na bando la kubahatisha.

Meza zenyewe ni chache. Watu wengi wako kwenye Hold'em, aina nyingine ya poka, na hilo lina historia. Mwaka 2006 World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka kule Las Vegas, iliweka mashindano ya HORSE ya kiingilio cha dola 50,000, michezo mitano ikipokezana, kila herufi mchezo wake, na mchezo wetu huu ndio ile herufi E, "Eight or better", yaani nane au chini. Chip Reese akashinda. Lakini meza ya mwisho waliicheza Hold'em peke yake kwa ajili ya televisheni. Nikikumbuka hilo nasikitika kwelikweli, kwa sababu mtazamaji alinyimwa mchezo ambao karata zaidi ya nusu zinaonekana bila hata kamera ya mezani. Kwa sisi wa Dar kuna na jambo la saa: Ulaya wanapokaa mezani saa tatu usiku ya London, kwetu ni saa sita usiku, au saa tano wakati wa majira yao ya joto. Atakayeamka alfajiri kuwahi daladala apange usiku wake.

Kuhusu pesa nitasema ninachoamini. Anza na sarafu za mazoezi, na ukae nazo miezi, mpaka kulisoma dau lenye pande mbili kuwe kama kusoma saa. Kuna watakaobaki hapo daima kwa sababu ya dini yao, na mchezo utawapa ladha yake yote bila senti. Anayetaka kwenda zaidi ajue nchi ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, aangalie kama anayemkaribisha ana leseni, na wa chini ya miaka 18 hana ruhusa. Hela ya kodi, ya ada, ya LUKU isiguswe. Nimeona kijana mtaani kwetu akichukua mkopo wa kausha damu kufidia alichopoteza usiku mmoja. Hadi leo baiskeli ya baba yake iko kwa mkopeshaji.

Wiki iliyopita karata zilinirudia karibu vilevile. Kwini mbili kwangu, na kwenye karata ya tano nikapata tisa ya pili. Mezani kwangu kwini, kumi, tisa. Kwake esi, tatu, sita. Akaweka dau. Kidole kilienda kwenye kitufe cha kupandisha, nikakiondoa. Nikalipa. Ya sita nikalipa, ya saba nikalipa. Akafunua nne na saba za ndani, na jozi ya sita isiyofika kwangu. Dau lilikuwa sarafu 8,400. Zikaja 4,200 kwangu, 4,200 kwake.