Kwa Mujibu wa Admin

Kanuni za marejeleo zilitungwa na watu wanaoamini kwamba kila andiko lina mzazi, tarehe ya kuzaliwa na makazi ya kudumu. Mimi ninayeandika tasnifu kuhusu biashara ya dagaa wa Ziwa Victoria bado sijabahatika kukutana mtandaoni na maandiko ya ukoo huo. Ninachokipata ni ripoti za PDF zilizoskaniwa zikiwa zimelala ubavu, na ukitafuta mwandishi katika taarifa za faili unaambiwa ni "User". Huyu User ameandika mengi kuliko profesa yeyote ninayemfahamu, na anayemzidi ni Admin peke yake, ambaye huandika kuhusu dagaa, kisukari, bei ya mahindi na namna ya kumrudisha mume aliyehama, yote kwa ujuzi uleule. Nilipoandika "kwa mujibu wa Admin" katika sura ya pili, Profesa anayenisimamia aliyazungushia maneno hayo kalamu nyekundu, akauliza pembeni: "Huyu ni mtaalamu wa chuo gani?"

Mwongozo wa APA, yaani kanuni za marejeleo za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, toleo la 7 la mwaka 2019, hauoni tatizo lolote. Andiko likikosa mwandishi, jina lake lipandishwe mahali pa mwandishi; likikosa mwaka, iandikwe kwamba hakuna tarehe; likikosa kurasa, zihesabiwe aya. Sasa, jina la ripoti ninayoitegemea ni "Ripoti ya mialo FINAL mpya iliyorekebishwa (2)", na ndilo linalotakiwa kusimama katika orodha yangu kwa heshima zote, katikati ya majina ya wanazuoni. Kuhusu aya, naomba tu aliyetunga kanuni hiyo azihesabu kwa kidole kwenye simu iliyopasuka kioo, inayorudi mwanzo kila ikiguswa, ndipo tuzungumze habari ya posho ya mazingira magumu.

Wala msiniambie nitazame mwaka ulioandikwa chini kabisa ya tovuti, kwa sababu mara nyingi mwaka ule hujibadilisha wenyewe kila Januari, hata kama mwenye tovuti hajaigusa tangu alipoizindua. Ripoti yenyewe inasema "mwaka huu", "mwaka jana" na "hivi karibuni", kana kwamba msomaji alikuwa amekaa na mwandishi ofisini. Katika picha moja mgeni rasmi ameinua sado ya dagaa, na nyuma yake ukutani ipo kalenda kubwa ambayo mwaka wake umezibwa na kofia yake. Miezi inaonekana, Jumapili nyekundu zinaonekana, basi nikakaa nikakokotoa hadi nikajua kwamba Januari Mosi ya mwaka huo ilikuwa Jumanne na Februari ilikuwa na siku 28. Huo ni mwaka 2013. Kwa bahati mbaya, ni mwaka 2019 pia.

Halafu lipo suala la tarehe niliyoipitia tovuti. Profesa alijifunza APA enzi za toleo la 5, lililodai tarehe hiyo, kwa hiyo anataka iwepo kila mahali. Mtahini wa ndani anaifuta, kwa kuwa siku hizi haihitajiki ila kwa maandiko yanayobadilikabadilika. Mmoja anaongeza, mwingine anakata, na gharama ya kuchapa upya pale stesheneri inabaki kuwa yangu.

Nikaona heri niende kwenye chimbuko, yaani ofisi ya halmashauri moja ya huku Kanda ya Ziwa, ambayo siitaji. Nilipiga simu kuuliza ripoti yao ni ya mwaka gani. "Kaka," akaniambia dada wa mapokezi, "andika barua, uilete masjala, na iwe na tarehe, maana barua isiyo na tarehe hatupokei." Niliipeleka, wakaigonga muhuri wenye siku, mwezi na mwaka, unaosomeka hata bila miwani, ndipo nikajua kwamba tarehe katika ofisi ile zipo za kutosha, ila hazitolewi kwa ripoti. Nilipofungua kiungo ili nimwonyeshe dada yule andiko ninalolizungumzia, ukurasa ulikuwa umeondolewa. Nikakimbilia Wayback Machine, ambayo tangu mwaka 2001 imekuwa ikiwafungulia watu kurasa zilizofutwa, nayo ilikuwa imehifadhi nembo ya halmashauri na tangazo la zabuni ya kufyeka majani.

Profesa ameniambia kwamba, kwa kuwa ripoti haipatikani tena, nimnukuu mtumishi wa ofisi ile aliyeithibitisha kwa mdomo, kama mawasiliano binafsi, ambayo kwa utaratibu wa APA yanataka jina la aliyezungumza na tarehe kamili ya mazungumzo. Tarehe sasa ninayo, tena yenye muhuri. Dada wa mapokezi ndiye amekataa kutaja jina lake.