Kodi ya gari lililotumika Marekani: iaminiwe bei ya nani?

Mtu aliyenunua gari lililotumika kwa jirani yake mjini Houston, Texas, kwa dola 5,000, akaenda kwenye ofisi ya kodi ya kaunti na hati ya umiliki iliyotiwa saini ili gari liandikwe kwa jina lake, anaweza kukuta kwamba kodi anayodaiwa imekokotolewa kwa bei ambayo hakuilipa. Texas hutoza asilimia 6.25 gari linapobadilisha mmiliki, lakini mauzo yakiwa baina ya watu binafsi, karani huilinganisha bei iliyoandikwa na asilimia 80 ya thamani ambayo jimbo linakadiria gari la aina hiyo kuwa nayo sokoni, kisha hutoza kodi juu ya kiasi kilicho kikubwa. Ikiwa makadirio ni dola 10,000, kodi itatozwa juu ya 8,000, nayo itakuwa dola 500 badala ya 312.50. Swali linalozuka ni kama serikali ina haki ya kuikataa bei ambayo watu wazima wawili wamekubaliana.

Ieleweke kwanza kwamba Marekani haina kodi moja ya mauzo kwa nchi nzima. Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hazina kabisa kodi ya mauzo ya jimbo, California huanzia asilimia 7.25, na Arizona na Nevada haziyatozi mauzo ya gari baina ya watu binafsi. Anayelipa ni mnunuzi, na kinachoangaliwa kwa kawaida ni mahali gari litakaposajiliwa, si mahali liliponunuliwa. Ndiyo maana mkazi wa jimbo la Washington anayevuka mto kwenda kununua gari Portland, Oregon, hukuta kodi inamsubiri nyumbani kwa jina la kodi ya matumizi.

Utaratibu wa Texas ulianza mwaka 2006, na hoja inayoutetea si ya kubezwa. Yadi ya magari ina vitabu vya hesabu vinavyoweza kukaguliwa na leseni inayoweza kufutwa, kwa hiyo ina sababu ya kuandika bei ya kweli. Majirani wawili hawana. Muuzaji akiandika dola 500 mahali pa 5,000 hapotezi chochote, mnunuzi anapata nafuu, na hakuna wa tatu aliyeshuhudia noti zikihesabiwa. Pasipo kipimo cha nje, mkweli ndiye anayeadhibiwa, kwa sababu yeye hulipa kodi kamili huku mwenzake mwenye gari kama hilo akilipa sehemu ya kumi. Wasomaji waliowahi kuagiza gari kupitia bandari ya Mombasa wanaijua mantiki hii vizuri, kwani mamlaka ya mapato ya Kenya nayo hukokotoa ushuru kwa orodha yake ya bei, ikipunguza kwa umri wa gari, bila kuitegemea ankara ya muuzaji wa Japani. Tena Texas imeacha nafasi ya asilimia 20 kwa ajili ya wale waliopata bei nzuri kwa bahati au kwa kujua kupatana.

Udhaifu wake unaonekana pale gari lenyewe linapokuwa bovu. Makadirio ya jimbo hayaisikii gia inayogonga, wala hayajui kama gari liliwahi kulala majini. Sheria inampa mnunuzi njia ya kujitetea: alipeleke gari kwa mthamini anayetambulika, kwa kawaida muuzaji magari mwenye leseni, apate hati ya thamani halisi ndani ya siku 20 za kazi. Lakini ada ya hati hiyo haipungui dola 100, na katika mfano wetu anachopigania ni dola 187.50. Akishalipia uthamini na kupoteza nusu siku ya kazi, hakuna kubwa linalobaki, hivyo mwenye akili ya hesabu hulipa kodi ya ziada na kunyamaza. Haki ambayo kuidai kunagharimu karibu sawa na kuiacha ni haki ya kwenye karatasi, na wanaonunua magari mabovu si matajiri.

Mwenye uwezo, kwa upande wake, ana mlango mwingine. Anayenunua gari la dola 30,000 katika yadi na kutoa gari lake la zamani lililothaminiwa dola 12,000 hutozwa kodi ya Texas juu ya dola 18,000 tu, yaani 1,125 badala ya 1,875. (California haina nafuu hiyo.) Watetezi wa nafuu ya Texas husema gari la zamani lilikwisha kulipiwa kodi, nao wanasema kweli; lakini gari la jirani wa Houston nalo lilikwisha kulipiwa. Tofauti ni kwamba moja limepitia yadi na jingine halikupitia. Na kwa kuwa nafuu hiyo inaifanya dola 12,000 ya yadi iwe na thamani ya 12,750 kwa mwenye gari, mnunuzi binafsi hawezi kushindana asipoongeza dau.

Zawadi nayo ina mipaka ambayo wengi wetu tungeiona ya ajabu. Mzazi akimpa mwanawe gari, Texas hutoza dola 10 tu. Mjomba akimpa mpwa wake, au binamu akimpa binamu, sheria haiwatambui kuwa ndugu wa karibu, na gari hutozwa kodi kana kwamba limeuzwa.

Kwa maoni yangu, shaka ya serikali ni halali, ila gharama ya kuiondoa imetwishwa mtu asiyestahili. Illinois imejaribu njia nyingine: gari linalouzwa na mtu binafsi kwa chini ya dola 15,000 hutozwa kiasi maalumu kinachopungua kadiri gari linavyozeeka, bila mthamini. Hapo uongo mdogo wa bei hauna faida, na mnunuzi anaijua kodi kabla ya kutoa fedha. Hata hivyo, aliyenunua gari la miaka minane kwa dola 1,500 hulipa sawa na aliyenunua la umri huohuo kwa 9,000, na huyo wa kwanza hana hata mahali pa kupeleka hati ya uthamini.