Blogu ya darasa: tuanze na msomaji, mtandao ufuate

Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, unatutaka walimu tutumie TEHAMA katika kufundisha. Sisi tunaosomea ualimu hapa Dodoma tunakumbushwa hilo karibu kila kipindi cha mbinu za kufundishia. Kati ya mapendekezo yanayotolewa, lililonivutia kuliko yote ni blogu ya darasa: wanafunzi waandike insha na habari zao mtandaoni, wasomwe, wajibiwe. Masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia, kwa hiyo suala hili linanigusa moja kwa moja. Naliunga mkono, ila si kwa namna linavyonadiwa.

Wanaolipigia debe wana hoja moja nzito kuliko nyingine zote, nayo ni msomaji. Tazama insha ya kawaida ya kidato cha pili inavyosafiri. Mwalimu anaandika mada ubaoni: "Sherehe niliyohudhuria." Madaftari yanakusanywa, yanarundikwa ofisini, yanarudi wiki ya pili yakiwa na kalamu nyekundu. Mwanafunzi anafungua, anatafuta alama, anachungulia ya jirani yake, anafunga daftari. Hakuna hata mtu mmoja aliyeisoma insha ile kwa kutaka kujua sherehe ilikuwaje. Watoto wanalijua hilo, na ndiyo maana wanaandika kwa kumridhisha msahihishaji: jua lilichomoza kwa madaha, ndege waliimba nyimbo nzuri, nami nikaamka mwenye furaha tele. Sentensi hizo zimekaririwa kutoka insha za mfano, na unazikuta kwenye madaftari ishirini ya darasa moja.

Wazo la kumpa mtoto msomaji wa kweli ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1924 mwalimu Célestin Freinet, katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, alinunua mashine ndogo ya kuchapia. Wanafunzi wake walipanga herufi kwa mikono yao, wakachapa habari za maisha yao, na baadaye wakabadilishana machapisho na watoto wa shule nyingine ya mbali. Blogu inafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo na kwa haraka zaidi.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, BTP kama tunavyoita, nililiona hilo katika shule moja ya kata. Niliwaomba wanafunzi waeleze kazi inayofanyika nyumbani kwao. Kijana mmoja ambaye kwao wanalima zabibu aliandika: "Tunakata matawi halafu tunasubiri." Mwenzake, mtoto wa mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam serikali ilipohamishia shughuli zake huku, aliisoma akauliza: mnakata wapi? Mnasubiri nini? Yule kijana alikaa akaiandika upya. Safari hii alieleza jinsi baba yake anavyopogoa kila tawi akiacha macho mawili au matatu, kwa nini anayepogoa vibaya anakosa mavuno, na jinsi mizabibu ya Dodoma inavyoweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mwenzake hakuliamini mpaka alipoelezwa. Aya moja ikawa ukurasa mzima, na hapakuwa na jua la madaha hata kidogo.

Lakini insha ile haikuwa kwenye blogu. Tuliibandika kwenye karatasi ya manila nyuma ya darasa. Kilichomfanya aandike vizuri ni swali la mwenzake, na swali hilo halikuhitaji bando. Hapo ndipo ninapotofautiana na wapiga debe wanaodhani kifaa chenyewe kinafundisha kuandika.

Nikigeukia wanaopinga, hoja yao ya vifaa inajulikana, sitaichelewesha. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Shule nyingi za kata za Bahi, Chemba au Mpwapwa hazina chumba cha kompyuta, na zenye kompyuta zinazo chache kuliko wanafunzi wa mkondo mmoja. Kifaa cha karibu zaidi ni kishikwambi cha mwalimu, kwa kuwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Kishikwambi kimoja mbele ya wanafunzi themanini kina maana moja: mwalimu ndiye atakayechapa, au insha zitapigwa picha tu. Kazi ya kuandika ikifanyika nyumbani badala yake, atakayeonekana hodari ni yule ambaye mzazi wake ana simu janja. Mwalimu asiyeliona hilo atamsifu mtoto kwa simu ya baba yake.

Hoja ya mtihani ina uzito kidogo kuliko inavyodaiwa. Ni kweli Baraza la Mitihani linapima maandishi ya mkono, na mtoto aliyezoea simu imsahihishie tahajia anaweza kukwama akiwa peke yake na kalamu. Simu nyingi zimewekwa Kiingereza na huyavuruga maneno ya Kiswahili bila huruma. Ila hakuna kinachozuia rasimu zote ziandikwe daftarini, na iliyokamilika tu ndiyo ichapwe. Utaratibu huo unasaidia pia kwenye tatizo jipya la akili unde, yaani programu inayoweza kumwandikia mtoto insha nzima. Rasimu yenye mistari iliyokatwa na maneno yaliyoongezwa pembeni inaonyesha mtoto alivyofikiri, wakati insha iliyoletwa ikiwa imenyooka moja kwa moja haikuonyeshi kitu.

Linalonisumbua kweli ni usalama wa mtoto, na hapa nakubaliana na wanaosita bila kusitasita. Ukiwapa wanafunzi mada kama "Siku nisiyoisahau", wapo watakaoandika siku mama alipopigwa, siku baba alipoondoka, siku walipolala na njaa. Daftarini maneno hayo yanabaki kati ya mwanafunzi na mwalimu, ambaye ana wajibu wa kuyabeba kwa siri na kumtafutia msaada. Mtandaoni, pakiwa na jina la shule na jina la kijiji, jirani anayasoma kesho yake, na mwajiri anaweza kuyakuta miaka kumi baadaye. Mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kupima hatari hiyo, na si haki kumtwisha mzigo wa kuipima.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo ridhaa ya mzazi haipaswi kuchukuliwa kama fomu ya kujazwa kwa haraka wakati wa kikao cha wazazi. Kuna pia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Zilipotoka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ada ya shilingi 1,000,000, mbali na 100,000 za maombi, na wapo waliofunga blogu zao. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na insha za kidato cha pili si chombo cha habari. Hata hivyo mwalimu asifungue ukurasa wa umma kwa jina la shule kabla hajasoma kanuni zinazotumika mwaka huo na kabla mkuu wa shule hajaridhia.

Nikipima pande zote mbili, naona kosa letu ni kudhani kwamba blogu lazima iwe wazi kwa dunia nzima. Programu kama WordPress inaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya shule na kusomwa na kompyuta nyingine zilizounganishwa nayo, bila intaneti hata kidogo. Wasomaji wakawa ni mikondo mingine, walimu, na wazazi siku ya kikao. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza hao ni wasomaji wa kutosha na wa kutisha. Shule isiyo na kompyuta ianze na ukuta. Kikundi cha wahariri watano kipokee insha, kiulize maswali kwa maandishi, kirudishe kwa mwandishi, kisha kichague zitakazotoka wiki hiyo. Nakiona kikundi hicho kuwa moyo wa kazi yote, kwa sababu pale ndipo watoto wanajifunza kusoma kama wasomaji.

Yanayofaa kutoka nje ya geti ni maandishi yasiyomfichua mtu: namna mlenda unavyopikwa, historia ya eneo kama wazee wanavyoisimulia, kazi ya shamba la zabibu. Yatoke kwa jina la darasa, bila picha za sura. Mambo haya ya Dodoma hayajaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili, na mtoto wa Bukoba au Tanga angeyasoma kwa hamu.

Limebaki moja ambalo sisi wa BTP hatulisemi kwa sauti. Tunakaa shuleni wiki chache, tunatafuta alama za mkufunzi anayekuja kutukagua, na blogu inapendeza sana siku ya ukaguzi. Tukiondoka, nywila inaondoka nasi, na watoto wanabaki na ukurasa ambao hakuna anayeweza kuuhariri wala kuufuta. Kabla ya insha ya kwanza kuchapwa, mwalimu mtarajiwa amtafute mwalimu wa Kiswahili aliyeajiriwa pale, wakubaliane nani ataendelea, na akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya shule. Akikosekana wa kuipokea, gazeti la ukutani linatosha kwa muhula huo, na kila mtoto arudishiwe insha yake kabla hatujaondoka.