Beberu Kanunua Mabeberu

Tuanze na mbuzi, maana dola trilioni 2.3 zilizoliwa na vita vya Marekani kule Afghanistan hazieleweki mpaka upimiwe kwa mbuzi. Marekani ikiwa katikati ya vita hivyo ilizuka na mradi wa dola milioni 6 wa kuinua biashara ya sufu laini, ile kashmiri ya mitandio ya mabibi harusi wa kitajiri. Wakaenda zao Italia, wakanunua mabeberu 9 wenye manyoya ya kimanjano. Tisa, wanahesabika kwa vidole na kimoja kinabaki! Wakawapeleka hadi Herat, magharibi ya nchi, wakawapande majike wa kienyeji. Sisi wenye Kiswahili chetu tuna haki ya kucheka mara mbili, kwa sababu kwetu beberu mmoja ana ndevu na mwingine ana ubalozi.

Muulize mfugaji yeyote wa Dodoma. Dume mgeni hashuki kwenye ndege akaoa jioni ile ile. Anatengwa kwanza, anapewa dawa ya minyoo, anachanjwa, malisho ya kwao yanachanganywa na ya ugenini kidogo kidogo asije akaharisha. Mimba ya mbuzi ni miezi 5. Mtoto wa kwanza ni chotara, rangi bado haijatulia, kwa hiyo unapandisha tena uzao wa pili na wa tatu, na hapo dume lazima lihamishwe zizi, la sivyo litapanda binti zake. Hiyo ni kazi ya miaka. Afisa anayekaa huko mwaka mmoja akarudi kwao ataimaliza saa ngapi?

Na kinachouma zaidi, mbuzi wa Herat tayari wana sufu hiyo! Iko chini ya yale manyoya magumu. Baridi ikiisha inaanza kujiachia yenyewe, unaichana kwa kitana taratibu. Ukinyoa kwa mkasi unachanganya laini na ngumu, na bei inaanguka. Kilichotakiwa ni vitana. Hebu nisaidieni, dola milioni 6 ni vitana vingapi? Januari 2016 mkaguzi mkuu wa miradi ile, John Sopko, alipokaa mbele ya maseneta, hakuweza kusema kama wale mbuzi wangali hai au walishaliwa.

Haya, tuje kwenye gesi. Mji wa Sheberghan, kaskazini, ukajengewa kituo cha kujaza gesi kwenye magari. Wakaguzi mwaka 2015 wakasema kimekula karibu dola milioni 43, na kituo kama hicho hapo jirani Pakistan hakizidi dola nusu milioni. Wenye mradi wakabisha kwamba hesabu imebebeshwa gharama za ofisi. Sawa, tusigombane, toeni hata robo tatu. Swali langu ni la dereva. Kufunga mfumo wa gesi kwenye gari kule kulikuwa dola 700 hadi 800, wakati kipato cha Muafghani wa kawaida kwa mwaka mzima kilikuwa dola 690. Yaani usile, usivae, usiugue, usizike mtu, ukifika Desemba bado unadaiwa na fundi. Madereva wa Dar wanaijua shughuli hiyo: mtungi unakula buti nzima, bomba linapita chini ya gari, kuna kifaa cha kushusha mgandamizo kabla gesi haijafika kwenye injini, na ukishafunga vyote unakutana na foleni, kwa sababu vituo ni vya kutafuta kwa tochi. Sasa huko kituo kimoja, bila mtandao wa mabomba nchini, mtu aendeshe kwenda wapi halafu arudi na nini?

Sare nazo. Mwaka 2007 waziri wa ulinzi wa Afghanistan alioneshwa kwenye intaneti michoro ya nguo za kijeshi, akaipenda ya msituni. Marekani ikalipa. Misitu ya nchi ile ni kama asilimia 2 ya ardhi, kwingine kote ni vumbi na mawe. Jeshi la Marekani lilikuwa na michoro yake ambayo haina malipo kwa mtu, lakini wakachukua ya kampuni binafsi, na ziada waliyolipa kwa miaka yote ikafika hadi dola milioni 28. Askari kasimama jangwani kavaa mwembe.

Nikifika kwenye tofali napandwa na presha. Mkoa wa Wardak ulijengewa uwanja wa mazoezi wa polisi, karibu dola nusu milioni, ukakabidhiwa mwaka 2012. Haikupita miezi 4, kuta zikaanza kuyeyuka kwa mvua kama sukari guru. Tofali zilijaa mchanga, udongo wa mfinyanzi kiduchu. Kupima hilo hakuhitaji shahada. Chukua udongo, uloweshe, uviringishe kama kidole. Ukikatika hapo hapo, mchanga umezidi. Au tia kwenye chupa ya maji, tikisa, acha usiku kucha, mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu, utaona mwenyewe nani kamzidi nani. Na tofali lililoiva ukigonga mawili yanalia nge, mabichi yanalia pu. Hakuna aliyegonga. Karatasi ilisainiwa kwamba kazi imekamilika na hela ikatoka yote.

Lakini haya yote ni chenji. Mzigo wenyewe uko kwenye mafuta na kiburi.

Afghanistan haina bahari. Mafuta ya jeshi yalikuwa yanashushwa Karachi, bandari ya Pakistan, yanapanda kwa malori hadi mpakani Torkham au Chaman, kisha milima na mashimo. Kwenye kambi za mbali kabisa, ambako yalipelekwa kwa helikopta, galoni moja ilitajwa mwaka 2009 kufika dola 400. Galoni ni lita 3.8 tu; piga mwenyewe, ni kama dola 105 kwa lita. Bodaboda ingelazimika kuuza shamba ili ifike kona. Ulinzi wa malori wakapewa wenyeji, katika mkataba wa dola bilioni 2.16. Mwaka 2010 wabunge wa Marekani wakachunguza, wakakuta hela inakwenda kwa mababe wa vita walioshika barabara, na kuna dalili kwamba nyingine inaishia kwa Taliban, maadui wenyewe. Kwa maneno ya mtaani, sungusungu alikuwa analipwa asikuibie, naye anamkatia mgao mwizi.

Ndipo ikaja Novemba 2011. Ndege za Marekani zikaua askari 24 wa Pakistan pale Salala, mpakani. Pakistan ikafunga njia na kudai kuombwa radhi. Washington ikakaza shingo. Mizigo ikazungushwa kaskazini: treni kutoka bandari za Baltiki, Urusi, Kazakhstan, Uzbekistan, ndipo iteremke. Waziri wa Ulinzi wa Marekani wa wakati huo, Leon Panetta, mwenyewe alikiri Juni 2012 kwamba mzunguko huo unaongeza dola milioni 100 kila mwezi. Julai 3 waziri wao wa mambo ya nje, Hillary Clinton, akatamka kwamba wanasikitika, na geti likafunguliwa. Miezi 7! Neno ambalo mtoto akikukanyaga kwenye daladala analitoa bure.

Na nani aliuliza bei? Hakuna, na sababu iko wazi. Bajeti isiyotumika mwaka huu mwakani inakatwa, kwa hiyo sifa ya mtu ilikuwa kumaliza hela. Aliyeanzisha mradi anahamishwa kabla haujaharibika, anayerithi anaanzisha wake. Ndiyo maana walinunua ndege 20 za mizigo zilizokwisha kutumika Italia, mradi ukameza dola milioni 549, vipuri vikawa taabu, na mwaka 2014 ndege 16 zikakatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu kwa senti 6 za dola kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Zote kwa pamoja hazikufika dola 50,000. Wauza vyuma chakavu wa Tandika wasingekubali bei hiyo hata kwa sufuria lililotoboka.

Vita vilianza Oktoba 7, 2001 vikaisha Agosti 30, 2021. Kabul ilikuwa imeshaanguka Agosti 15, mikononi mwa Taliban walewale waliotimuliwa mwanzo, na zana za dola bilioni 7 walizopewa askari wa Afghanistan zikabaki hapo. Chuo Kikuu cha Brown kinakadiria gharama nzima dola trilioni 2.3. Marekani ilipoteza askari zaidi ya 2,400. Raia wa Afghanistan waliouawa wanapita 46,000, na kwao hakuna ratili wala senti ya kupimia.

Wakati wa vita vya Korea Wamarekani walipandishiwa kodi, wakahisi mfukoni. Safari hii kodi ilipunguzwa, mwaka 2001 na tena 2003, vita vikaandikwa kwenye daftari la deni, na riba inatembea hadi leo. Mtoto aliyezaliwa Ohio wiki ile ndege ya mwisho inaondoka Kabul anadaiwa beberu ambaye hata mchuzi wake hakuunusa.