Mwenzenu Nina Vivinjari Vitano

Mwenzenu nilitafuta kitu kimoja tu mtandaoni. Usiku, kimyakimya, mwanga wa skrini nimeukinga kwa mto, nikaandika: "mke akikoroma nifanyeje". Nikasoma ukurasa mmoja, nikafunga, nikalala. Yaani nilijaribu kulala.

Kesho yake mama watoto kakaa kwenye kompyuta ileile anatafuta mapazia. Tangazo la kwanza: kibanio cha pua. La pili: mto maalumu wa wanaokoroma. La tatu likauliza waziwazi kama mwenzi wako anakunyima usingizi. Akaniita kwa ile sauti ya upole ambayo kila mwenye ndoa anajua si ya upole.

"Baba watoto, hebu njoo. Humu ndani nani anakoroma?"

Nikasema mimi.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye anajua kila kitu isipokuwa siku atakayorudi kwake, akanifungulia kesi papo hapo. Mhalifu ni vidakuzi, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta yako ili zikukumbuke. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, na nia ilikuwa njema: duka la mtandaoni likumbuke umeweka nini kapuni. Sasa vinakumbuka hata ambayo mwenyewe ningependa kuyasahau. Unafungua ukurasa mmoja wa habari, kumbe ndani yake mmejaa kampuni ambazo hujawahi kuzisikia, na zote zinakufuata ukurasa hadi ukurasa kama mtu anayekudai.

Nikajitetea kwamba dawa ninayo: hali fiche, ile wanayoiita incognito. Jamani, nilikuwa naiamini hali fiche! Ile kofia na ile miwani vilinipa moyo wa kijasusi. Kumbe inakuficha kwa wa nyumbani tu. Ukifunga dirisha, historia haibaki kwenye kompyuta. Tovuti inakuona, anayekuuzia intaneti anajua umeingia tovuti gani, na ofisini mwenye mtandao naye anajua. Marekani watu walishaishtaki Google kwa ajili ya hali hiyo mwaka 2020, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kufuta rundo la kumbukumbu. Halafu kuna jambo sikuwa nalijua: hali fiche haisahau mpaka ufunge madirisha yake yote. Langu lilikuwa wazi tangu wiki mbili zilizopita, nimelifunika tu na dirisha la kikokotoo.

"Hama kivinjari, shemeji," akaniambia, yaani ile programu ya kufungulia tovuti.

"Nihamie kipi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Huyu ukimuuliza saa ngapi, anaanza na historia ya mfua saa. Akaniambia vivinjari ni vingi kwa majina lakini koo ni tatu. Ukoo wa kwanza ni Chromium: humo wamo Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi, wote wanapika kwa sufuria moja ila kila mmoja ana bizari yake. Wa pili ni Gecko wa Mozilla: Firefox, LibreWolf na Tor Browser. Wa tatu ni WebKit, wa Safari. Nikafurahi, nikasema basi angalau kila mtu anajulikana kwa jina la ukoo wake. Shemeji akacheka hadi akakohoa. Kila kivinjari, alisema, kinapobisha hodi kwenye tovuti kinajitambulisha. Na Chrome ikijitambulisha inasema: mimi ni Mozilla, mimi ni AppleWebKit, mimi ni KHTML mfano wa Gecko, mimi ni Chrome, mimi ni Safari. Ukoo mzima kwa pumzi moja! Eti zamani tovuti nyingine ziliwapa ukurasa mzuri wale tu waliojiita Mozilla, basi kila mgeni akajiita Mozilla, na uongo huo haujawahi kufutwa hadi leo. Mimi nimedanganya mara moja kuhusu kukoroma na bado naulizwa.

Nikaanza na cha faragha. Jina silitaji, maana nitakayosema si mazuri, na huenda kosa lilikuwa langu kwa kuwasha kila swichi niliyoiona. Hicho kilikuwa na bidii ya mlinzi mpya wa geti. Kila nikikifunga kinafuta vidakuzi vyote, kwa hiyo kila asubuhi dunia nzima hainijui. Barua pepe inauliza nywila. Benki inauliza nywila, inatuma namba kwenye simu, kisha inaniandikia kwa wasiwasi kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti yangu kwa kifaa kipya. Ni mimi! Jana pia nilikuwa mimi! Halafu kapcha: chagua picha zote zenye taa za barabarani. Nikachagua. Zikaja pikipiki. Nikachagua. Zikaja ngazi. Hivi nguzo ya taa ni sehemu ya taa au si sehemu ya taa? Nimesoma hadi chuo na bado sijui.

Tena kina tabia ya kudanganya saa. Ili tovuti zisijue uko upande gani wa dunia, kinaziambia uko kwenye UTC, ile saa ya kimataifa. Wazo zuri sana, ila kalenda yangu ya kazini nayo ni tovuti. Nikaingia kwenye kikao cha mtandaoni saa kadhaa kabla ya wenzangu, nikakaa peke yangu nikiitazama pua yangu kwenye skrini. Bosi alipoingia alinikuta nimesinzia, na nasikia nilikuwa nakoroma. Angalau siku hiyo ile kauli yangu kwa mama watoto ikapata shahidi.

Kwenye kasi sitakaa sana, maana huko nilikuta mzaha. Vivinjari hupimwa kwa kipimo kiitwacho Speedometer, na unajua kinapima nini? Pamoja na mengine, kinaandika orodha ya kazi za kufanya, kinaziwekea alama kwamba zimekwisha, kinazifuta. Mimi nikiandika orodha ya kazi za nyumbani na kuzifuta bila kuzifanya, hakuna anayenipa alama. Toleo la 3 la mwaka 2024 limetengenezwa kwa ushirikiano wa Apple, Google, Microsoft na Mozilla, yaani wakimbiaji wamekaa pamoja wakapima uwanja. Sina ubaya nao, ila kwa macho yangu haya tofauti ya namba zile sikuiona. Nilichokiona ni hiki: kurasa zilikuja kama umeme siku nilipozuia matangazo. Basi! Ukurasa uliokuwa unajivuta kama konokono haukuwa na kosa, ulikuwa umebeba mizigo ya watu. Brave inazuia yenyewe tangu siku unapoiweka. Kwenye Firefox unaongeza kiendelezi, yaani kiprogramu cha nyongeza, cha uBlock Origin, na LibreWolf inakuja nacho tayari. Kwenye Chrome hicho kiendelezi kamili kimeondolewa njiani kwa kanuni mpya za viendelezi, Manifest V3, na kilichobaki ni mdogo wake mwembamba, uBlock Origin Lite. Tor Browser ndiyo sahau mbio, kwa sababu mawasiliano yako yanapitishwa kwenye vituo vitatu kabla ya kufika. Ni kama kumtuma mtoto dukani kupitia kwa bibi, kwa shangazi na kwa mjomba: hakuna atakayejua nani kamtuma, lakini chumvi itafika chakula kimeshaliwa.

Sasa kurekebisha mwonekano. Ndugu zangu, huku ndiko nilikopotea.

Shemeji alinionyesha Vivaldi, iliyoanzishwa na Jon von Tetzchner, mmoja wa waasisi wa Opera. Huyu ni mtu wa vituko kama mimi: mwaka 2005 aliahidi kwamba toleo jipya la Opera likipakuliwa mara milioni moja ndani ya siku nne, ataogelea kutoka Norway hadi Marekani. Likapakuliwa. Akajitosa majini kweli, hakufika mbali. Mtu wa namna hiyo akikutengenezea kivinjari usitegemee kiwe na mipangilio michache. Tabu za kurasa unaziweka juu, chini, kushoto, kulia. Unazipanga mafungu mafungu. Unachora alama hewani kwa kipanya, ukurasa unarudi nyuma. Mwaka 2016 waliwahi hata kuongeza uwezo wa taa za chumbani kubadilika rangi kufuata tovuti unayoisoma, nikashukuru Mungu taa zangu hazina akili hiyo.

Na hilo neno tabu silibadilishi. Kiswahili sanifu kinasema vichupo, najua. Lakini mimi nilikuwa nazo 63, na ukiwa na 63 hizo ni tabu.

Jumamosi nzima nikapanga. Rangi, fonti, ukubwa wa dirisha, viendelezi kumi na moja, kimoja kikiwa cha kunikumbusha nifunge tabu. Kwenye Firefox nikaingia about:config, ile sehemu ya mipangilio ya ndani ambayo zamani ilikukaribisha kwa onyo kwamba unaweza kupoteza dhamana yako. Nikafungua faili la userChrome.css, linalopanga sura ya kivinjari, na kuhamisha kitufe cha kurudi nyuma, kisha nikashindwa kurudi nyuma. Mama watoto akapita mara nne. Mara ya kwanza aliniuliza kuhusu bomba linalovuja. Mara ya nne hakuuliza, alibeba ndoo.

Jioni nikamwita shemeji aone kazi yangu. Kivinjari kimoja cha faragha, chenye kasi, kilichopambwa kikapambika. Akafungua Cover Your Tracks, tovuti ya Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, inayopima kama unatambulika. Hawa ndio waliopima vivinjari karibu 470,000 katika utafiti wao wa mwaka 2010, wakakuta asilimia 83.6 kila kimoja kina alama yake ya kipekee, bila kuhitaji kidakuzi hata kimoja. Fonti zako, ukubwa wa dirisha lako, viendelezi vyako, ukivijumlisha vinakuwa alama za vidole. Tukasubiri. Jibu likaja: katika vivinjari vilivyopimwa karibuni, hakuna kinachofanana na changu.

"Maana yake nini?" nikauliza, tayari nimeanza kutabasamu.

"Maana yake, shemeji, umejificha sokoni kwa kuvaa kilemba chekundu."

Kumbe wanaojificha kweli hawajipambi. Tor Browser inakuomba hata usiguse ukubwa wa dirisha, na ukiligusa inajaza kingo za kijivu ili watumiaji wote waonekane sare, kama wanafunzi mstarini. Kila kitufe nilichohamisha Jumamosi ile kilikuwa kinaniandikia jina mgongoni. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. "Kwamba wewe ni wa kipekee," akasema, "mimi nilijua bila kompyuta."

Sasa ninavyo vitano. Kimoja cha benki, sikigusi. Kimoja cha kazini, kinachojua saa. Kimoja cha kusoma habari bila matangazo. Kimoja nilichokipamba, nakifungua tu kukitazama. Na yule mlinzi wa geti, kwa maswali ya usiku.

Juzi usiku nikamfungua. Nikasahau kwamba katika kuficha siri zangu anazificha tovuti hata kwamba napenda mandhari meusi, kwa hiyo ukurasa ukaja mweupe pee, chumba kizima kikawaka kama mchana. Mama watoto akakaa kitandani.

"Unatafuta nini saa hizi?"

"Jinsi ya kupunguza mwanga."

"Funga kompyuta."

Akageukia ukutani. Dakika mbili hazikupita, akaanza.